Miaka kati ya baleghe na rushdi

Miguu ndiyo inayotangulia. Mzazi wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, aliyenunua viatu vya skuli mwezi wa Januari, akaona vinamkaza mwanawe kabla ya likizo ya katikati ya mwaka, hana sababu ya kugombana na mwenye duka wa Darajani. Mwili wa kijana anayebalehe hurefuka kuanzia kwenye ncha: nyayo na viganja kwanza, halafu mapaja na mikono, na kiwiliwili huja nyuma kabisa. Kwa mwaka mmoja au miwili kijana huishi ndani ya mwili usiotulia vipimo. Ndiyo maana huangusha vikombe, hujikwaa kwenye kizingiti alichokivuka tangu anatambaa, na hukaa kwenye daladala magoti yakimkaribia kidevu. Nyumbani huitwa mzembe. Boflo lililowekwa kwa chai ya asubuhi likitoweka usiku, huitwa mlafi pia.

Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Katika kilele cha kurefuka msichana hupata kama sentimita 8 kwa mwaka, mvulana 9 au 10, ila zamu ya mvulana huja baada ya miaka miwili hivi. Ingia darasa la sita la skuli yoyote ya Mkoa wa Kusini Unguja uone: mabinti wamesimama kama dada zao wakubwa, na wavulana wa umri ule ule bado wanaonekana watoto wa kutumwa chumvi. Amri ya yote hayo hutoka kwenye sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo mwanzoni hufanya kazi hiyo usiku, kijana akiwa amelala. Homoni zinaanza kumwagika miezi mingi kabla ya mama kuona dalili yoyote. Kisha siku moja kijana anayeongoza qaswida chuoni anapandisha sauti, sauti inamkatikia katikati ya ubeti, na wenzake wanaangua kicheko. Zoloto limekua, nyuzi za sauti zimerefuka, na mwenyewe hajapewa taarifa.

Kwa mambo haya ya mwili, wazee wa pwani hawakuwa wajinga. Walikuwa na majina ya kila hatua, na ngoma zake, na wataalamu wake. Na zaidi ya hapo walikuwa na sheria iliyokuwa imeshaona jambo ambalo maabara za Marekani zimelithibitisha juzi tu: kwamba mwili na akili havipevuki siku moja.

Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja, huitambua baleghe kwa dalili za mwili, na dalili zisipotokea, kwa kutimia miaka 15 ya mwezi mwandamo. Tangu hapo swala na saumu ni wajibu. Lakini mali ni hesabu nyingine. Surat An-Nisaa, aya ya 6, inawaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wawakabidhi mali zao watakapoona kwao upevu wa akili, upevu ambao mafakihi huuita rushdi. Masharti ni mawili, na la pili halina tarehe. Halafu lipo lile agizo la katikati, ambalo ndilo linalopuuzwa zaidi: wajaribiwe. Rushdi haisubiriwi kama embe lianguke lenyewe. Hutafutwa kwa kumpa kijana jambo la kweli mkononi huku mtu mzima akimtazama.

Hoja ya makala hii ni kwamba Unguja ya leo imelishika sharti la kwanza kwa mikono miwili, na imeliachia lile agizo la katikati.

Kisa kinachojulikana zaidi cha kijana aliyekabidhiwa kabla ya kujaribiwa kilitokea hapa hapa kisiwani. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake alipofariki mwaka 1856, binti huyo alitangazwa kuwa mtu mzima na akapewa urithi wake, shamba na fedha, akiwa na miaka 12. Tayari alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, jambo ambalo wasichana wa kasri hawakufunzwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, kundi la waasi lilihitaji mtu wa kuandika barua. Salme, mwenye miaka 15, akawa mwandishi wao. Kumbukumbu alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886 zinaeleza bila kuficha kilichomvuta: si siasa, bali mapenzi yake kwa dada yake Khole, aliyekuwa upande wa Barghash. Majid hakuwa amemkosea kitu. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay kwa miaka miwili, na binti akabaki na majuto ambayo aliyaandika akiwa mama wa watoto.

Msomaji asiharakishe kusema alikuwa mpumbavu. Salme alikuwa na akili kuliko wengi waliomzunguka. Ndiyo maana walimtaka. Kalamu yake ilikuwa imepevuka. Kilichokuwa hakijapevuka ni uwezo wa kukaa mbali kidogo na mtu anayempenda, hali moyo unadunda, na kujiuliza kesho itakuwaje.

Tofauti hiyo leo ina vipimo. Mwaka 1999 Jay Giedd na wenzake wa taasisi ya afya ya akili ya serikali ya Marekani walichapisha picha za MRI za ubongo wa watoto wale wale waliopigwa picha tena na tena walipokuwa wakikua. Ilikuwa ikidhaniwa kwamba ubongo humaliza kujengwa utotoni. Picha hizo na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba katika ujana ubongo unapunguza viungio visivyotumika na kuimarisha vinavyotumika, na kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayopanga, inayopima na inayozuia, ni miongoni mwa zinazomaliza mwisho, kwenye miaka ya ishirini na kitu.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya watoto wa Kizungu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliowapima zaidi ya watu 5,000 wa miaka 10 hadi 30 katika nchi 11, Kenya ikiwamo, pamoja na Jordan, India, Colombia na Uchina. Matokeo yalifanana kwa kiasi kikubwa: uwezo wa kufikiri kwa utulivu hufikia kiwango cha utu uzima kwenye miaka 16 hivi, lakini uwezo wa kujizuia, kupinga ushawishi na kutazama mbele huendelea kukua baada ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 anayejibu vizuri kwenye mtihani kwa nini mtu asiendeshe bodaboda akiwa amebeba watatu anajua anachokiandika. Usiku huo huo anaweza kuwa wa tatu juu ya bodaboda.

Na kinachogeuza hesabu, mara nyingi, ni wenzake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple waliwaita watu 306 wa rika tatu, wakawachezesha mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari: ukivuka taa ikiwa ya njano unapata pointi, ukichelewa kusimama unagonga. Walipocheza peke yao, wa miaka 13 hadi 16 hawakutofautiana sana na watu wazima. Walipokaa na marafiki nyuma yao, vijana waliongeza hatari maradufu hivi, na watu wazima hawakubadilika hata kidogo. Aliyekuwa na akili timamu peke yake alikuwa mtu mwingine mbele ya marafiki wawili.

Hapo ndipo Kizimkazi inapoingia, na si kwa sababu ya msikiti wake wa Dimbani wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, ingawa wageni wengi huonyeshwa huo kwanza. Kizimkazi ni pwani ya pomboo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo waliwindwa hapa, na nyama yao ikawa chambo cha papa. Lakini mwanzoni mwa muongo huo huo watalii walikuwa wameshaanza kulipa ili wawatazame wakiwa hai. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, iliyoko pwani hii hii, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Kazi ya baba ikabadilika ndani ya miaka michache, na pamoja nayo ikabadilika njia ya mtoto kuwa mtu mzima.

Katika chombo cha tanga mtoto hakukabidhiwa usukani kwa sababu ameota ndevu. Alianza kwa kukumba maji. Akaonyeshwa kamba, akakaripiwa, akashika demani siku ya upepo mwanana, kisha siku ya kusi, nahodha akiwa karibu vya kutosha kumpokonya. Hakuna aliyeita hayo malezi ya vijana balehe, lakini ndivyo yalivyokuwa: hatari ya kweli, inayoongezwa kidogo kidogo, chini ya jicho la mtu ambaye si baba na hana haja ya kumdekeza. Agizo la “wajaribiwe” lilikuwa likitekelezwa pale kwenye mashua, tena kila siku.

Boti ya mashine ni shule fupi. Mvulana wa miaka 16 hujifunza kuwasha injini kwa asubuhi moja, na baada ya hapo anabebeshwa wageni wanaotaka kumwona pomboo kwa karibu, wenzake wako kwenye boti nyingine wanamtazama, na anayefika kwanza ndiye mwenye sifa na bakhshishi. Ukitaka kuupeleka mchezo wa Gardner na Steinberg baharini, hutapata namna bora zaidi. Watafiti waliofanya kazi Kizimkazi wameonyesha kwamba boti zinapowazonga pomboo, wanyama hao hupumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Lawama humwangukia kijana wa boti, na wakati mwingine jina la “papasi”, la wanaowang'ang'ania watalii, linamfuata hadi nyumbani. Wachache huuliza ni nani aliyemkabidhi injini ile, na nani alikaa naye kwa mwezi mzima kabla ya kumwachia.

Kwa wasichana pengo ni la namna nyingine. Binti alipovunja ungo, mama hakuzungumza naye, na hilo halikuwa uzembe. Binti alikuwa na mtu wa kuzungumza naye: somo, mwalimu wake wa unyago. Somo alimfundisha josho, usafi, sodo, adabu, kisha mambo ya ndani ambayo hayakusemwa mbele ya mwanamume. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyaeleza malezi ya namna hii, ya wasichana na ya wavulana wa jandoni, katika kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 17, 2013, alijulikana duniani kwa taarab, lakini Unguja wanawake wengi walimjua kwanza kwa unyago, ngoma ikiwa kati ya miguu yake na mafunzo yakitoka kwa nyimbo na vitendo.

Hakuna haja ya kuyapaka asali. Unyago uliandaa ndoa, na harusi mara nyingi ilikuwa mlangoni. Mwari aliwekwa ndani, akafunzwa kupendeza na kunyamaza, na maoni yake kuhusu mume hayakuwa mada. Anayelia kwamba tumeacha mila aulizwe kama angependa binti yake wa miaka 14 aolewe mwezi ujao. Kilichofaa kuhifadhiwa ni nafasi ya somo mwenyewe: mtu mzima mmoja, asiye mzazi, anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kuulizwa.

Nafasi hiyo imebaki wazi wakati ambapo miaka ya kuijaza imeongezeka. Huko Ulaya ya Kaskazini, ambako kumbukumbu za kale zipo, msichana wa katikati ya karne ya 19 alipata hedhi ya kwanza akiwa na miaka 16 au 17. Karne moja baadaye ilikuwa karibu 13, kwa sababu ya chakula bora na maradhi machache. Ncha ya pili nayo imesogea: skuli, chuo, kazi na nyumba vyote vinachelewa. Mwaka 2018 kundi la wataalamu likapendekeza katika jarida la The Lancet Child & Adolescent Health kwamba ujana uhesabiwe kuanzia miaka 10 hadi 24. Somo wa zamani alikuwa na kazi ya miezi michache. Wa leo angehitajika kwa muongo mzima, na badala yake kuna simu, ambayo hujibu kila swali na haimjui aliyeuliza.

Serikali nazo zimechelewa kuelewa. Kwa miaka 20, tangu 1985, sheria ya Zanzibar ilimruhusu hakimu kumfunga jela msichana asiyeolewa aliyepata mimba. Adhabu hiyo ya jela iliondolewa mwaka 2005. Sera ya kuwaruhusu wazazi wasichana kurudi skuli ikaja Zanzibar mwaka 2010, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi Novemba 2021. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 ni hatua nzuri. Lakini sheria humlinda mtoto dhidi ya mtu mwingine. Haimfundishi namna ya kukataa, wala namna ya kutaka.

Kuhusu kujaribiwa, wasichana wamepewa kidogo zaidi. Kijana wa kiume wa Kizimkazi huogelea kabla hajajua kusoma. Dada yake, aliyezaliwa hatua mia moja kutoka ufukweni, anaweza kuolewa na kuzaa bila kuwahi kuelea, ingawa mama yake huingia majini kwa ajili ya mwani kila bamvua. Kule Nungwi, Mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, na mpigapicha Anna Boyiazis alipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018 kwa picha za mabinti hao wakielea macho yamefumbwa. Baadhi ya waliofundishwa wakawa waalimu. Ukiondoa faida ya wazi kabisa ya kutozama, jambo ambalo kisiwa kilichopoteza watu wengi meli ya MV Spice Islander ilipozama mwaka 2011 hakihitaji kuelezwa, kuna faida nyingine: binti amepewa kitu kigumu, chenye hatari, akakiweza mbele ya mtu mzima anayemwamini.

Kizimkazi yenyewe ina mfano anaoujua kila mtu. Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa hapo Januari 27, 1960, alimaliza sekondari na kuajiriwa mwaka 1977 kama karani katika wizara iliyohusika na mipango. Alikuwa na miaka 17. Wasifu wake huruka haraka kutoka hapo hadi ubunge na Ikulu, na hilo ni kosa la waandishi wa wasifu. Msichana wa miaka 17 mbele ya mafaili ya serikali, akiwa na mkubwa wa ofisi wa kumsahihisha na mshahara wa kuupangia bajeti, alikuwa kwenye jaribio lile lile la aya. Leo kijana wa umri huo huketi darasani akinakili ubaoni, na jioni hana jambo hata moja la kijiji ambalo likiharibika ataulizwa yeye. Skuli ni lazima. Hakuna anayetaka kuirudisha nyuma elimu iliyotangazwa kuwa bure mwaka 1964. Ila skuli peke yake hujenga ile nusu ya akili ambayo tayari hupevuka kwa wakati.

Pembeni, neno kuhusu usingizi, maana magomvi mengi ya nyumbani huanzia hapo. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kubalehe huisogeza mbele saa ya mwili, melatonini, homoni ya usingizi, ikachelewa kutoka, na kijana akashindwa kulala mapema hata akizimiwa taa. Anahitaji saa 8 hadi 10, na akiamshwa alfajiri baada ya saa 6 huonekana mvivu. Seattle walisogeza masomo ya sekondari kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi mwaka 2016, na wanafunzi wakapata dakika 34 zaidi za usingizi. Unguja swala ya alfajiri haisogezwi, na haipaswi. Kinachoweza kusogezwa ni masomo ya ziada ya usiku na simu iliyoachwa chini ya mto.

Tukirudi kwenye kujaribiwa, yanayopendekezwa hapa hayahitaji mfadhili. Kamati ya wavuvi na wenye boti wa Kizimkazi Dimbani na Kizimkazi Mkunguni wanaweza kukubaliana kwamba hakuna aliye chini ya miaka 18 atakayeendesha boti ya wageni bila nahodha mtu mzima ndani, na kwamba kijana apite msimu mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi kama msaidizi kabla ya kuachiwa. Skuli zinaweza kumteua mwalimu wa kike na wa kiume katika kila mkondo, wapunguziwe vipindi, na wanafunzi waambiwe wazi kwamba hao ndio wa kuulizwa, na kwamba swali halipelekwi kwa mzazi isipokuwa mtoto yuko hatarini. Waalimu wa chuoni, ambao tayari hufundisha josho na baleghe kwa kitabu, wanaweza kufika mpaka kwenye rushdi badala ya kuishia kwenye tohara na hedhi. Vikundi vya mwani vinaweza kumpa binti wa kidato cha tatu daftari la hesabu la kikundi, fedha za kweli, na mweka hazina wa kulikagua kila mwezi.

Wavulana ndio watakaokuwa wagumu zaidi kupatiwa mtu. Jando la porini limekwisha. Tohara sasa hufanywa hospitali, mtoto akiwa mdogo hata hakumbuki, na hilo kiafya ni jema. Lakini pamoja na kisu yaliondoka maneno yaliyosemwa usiku ule, na ngariba hakurithiwa na yeyote. Mvulana wa miaka 14 ambaye sauti imemvunjika, ndoto zimemshtua, na marafiki wamemwonyesha video zisizofaa, huko Kizimkazi kama huko Mjini, ana baba anayemwagiza na mwalimu anayemsahihisha. Wa kumuuliza hana. Tukianza na wachache, tuanze na hao.